Shanta Kuukuu Zetu Msiziite Machuma

Mhariri,

Juma lililopita msomaji wenu mmoja wa Changamwe alilalamika kuwa usingizi wake unakatizwa na "machuma makuukuu yanayosukumana na mabehewa usiku kucha", akataka yauzwe kwa kilo. Kwa usingizi nampa pole, maana nami nakaa hatua chache tu kutoka relini. Kwa hilo neno machuma, la: hizo ni shanta, injini ndogo za reli zinazotenganisha na kupanga mabehewa.

Nijieleze nisije nikadhaniwa nimetumwa. Marehemu baba alikuwa pointiman, yule anayegeuza reli treni ipite njia yake, tumelelewa katika nyumba za reli. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa tali, yaani wa kuhesabu shehena, bandarini Kilindini hadi nilipostaafu. Siku hizi, nikishamaliza mahamri yangu na mbaazi, naenda kusimama karibu na reli kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Mama watoto hunicheka, asema heri ningeoa wa pili, ingekuwa jambo la kueleweka na majirani.

Tukizungumza habari za reli hapa Pwani, twapenda vikubwa. Mzee yeyote wa barazani atakupa hadithi ya zile Garratt, injini za mvuke za aina iliyoitwa daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki, tani 252 zikipanda kutoka hapa usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Mwengine atakutajia injini za dizeli za daraja la 93 kutoka Marekani, zilizokuja mwishoni mwa miaka ya sabini na nguvu za farasi 2,600. Vijana wao ni Madaraka Express tu, ile treni mpya ya abiria. Shanta hatajwi. Hana jina la mlima, na hakuna abiria aliyewahi kumpungia mkono.

Lakini treni haijipangi. Mabehewa yakishuka kutoka bara huja yamechanganyika kama nguo za watoto kapuni: haya ya mafuta yanatakiwa Shimanzi, haya yaende gatini, lile la nyuma gurudumu lake bovu liende karakana. Yupo wa kuyatenganisha moja moja, ayavute, ayasukume, ayaache kwenye njia yake, arudi kuchukua mengine. Kazi ya hatua mia mbele, hatua mia nyuma, kutwa. Ile injini kubwa ya safari ndefu ukiilazimisha kazi hii ni kama kutuma lori la matrela likanunue mkate dukani.

Kuna moja naijua kwa sauti. Rangi yake sasa huwezi kuitaja, ni kutu na masizi na mahali pengine manjano kidogo. Ni ya zile zenye magurudumu manne kila upande yaliyofungwa pamoja kwa fimbo za chuma. Ikienda taratibu utaona fimbo zikipanda na kushuka mfano wa viwiko vya mwanamke anayekuna nazi. Ubavuni pana matundu manne ya skrubu, ndipo kilipokuwa kibao cha kiwanda. Kibao chenyewe hakipo. Nitakirudia hicho.

Watu hudhani injini ya dizeli ya reli ni kama ya lori, ina klachi na gia. Ungeanzisha mabehewa ishirini yaliyojaa kwa klachi, ingeungua siku hiyo hiyo. Katika shanta za namna hii dizeli inazungusha pangaboi ndani ya mafuta, mafuta yanazungusha pangaboi la pili, na hilo la pili ndilo linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Fikiria sufuria la uji wenye miiko miwili: zungusha mmoja kwa nguvu, uji utauburuta ule wa pili bila miiko kugusana. Ndiyo maana yaweza kuegemeza kifua kwenye mzigo uliosimama, ikaguna weee, mpaka mzigo wenyewe ukubali. Hakuna kinachokatika. Mafuta tu yanapata moto, na kuna rejeta ya kuyapoza.

Na hata hapo haianzishi mabehewa yote kwa pamoja. Kwenye maungio mmeachwa nafasi kidogo, kwa hiyo linavutwa la kwanza, kisha la pili, la tatu, na ndiyo ile ka-ka-ka-ka-ka inayokimbia kutoka kichwani hadi mkiani na kumwamsha ndugu yetu wa Changamwe. Mimi nikiisikia huhesabu. Baba alikuwa akituambia idadi ya mabehewa akiwa kitandani, na taa imezimwa.

Asubuhi moja ya masika niliona jambo ambalo naliona bado. Ilikuwa manyunyu, si mvua. Mvua kubwa huosha reli. Manyunyu huchanganyika na vumbi na matone ya mafuta yakafanya utelezi kama wa bamia. Shanta ikajaribu kuondoka, magurudumu yakazunguka pale pale, cheche zikaruka. Dereva akaikata nguvu mara moja, hakuhangaika nayo. Msaidizi wake, kijana, akashuka na ndoo ya mchanga. Karibu kila injini ya reli ina masanduku ya mchanga na vibomba vinavyoumwaga mbele ya gurudumu, lakini mchanga ukipata unyevu unaganda ndani ya bomba, na hewa ya chumvi ya Mombasa kila kitu inakipa unyevu. Yule kijana aliuanika mchanga wake juu ya bati, karibu na bomba la moshi, akaupepeta kwa vidole, akaupitisha kwenye kipande cha wavu wa dirisha. Akamimina. Kisha akaligonga bomba kwa spana, mara tatu, akasikiliza. Dereva hakumwambia neno. Akafungua nguvu kidogo, mchanga ukasagika chini ya chuma, mzigo ukatoka. Sidhani ufundi huo umeandikwa mahali.

Nje wenzetu hawazionei haya. Uingereza waliunda shanta za daraja la 08, jumla 996, kati ya 1952 na 1962. Nguvu za farasi 350 tu, pungufu ya lori kubwa la siku hizi, na mwendo wa kawaida hauzidi kilomita 24 kwa saa. Baadhi yake ziko kazini hadi leo. Watu wazima wenye kazi zao na heshima zao huomba likizo wakazipige picha, wakijua kila moja kwa namba yake. Tena tusiseme ni mambo ya reli ya kale tu. Hata hii reli mpya iliyojengwa na Mchina, iliyofunguliwa 2017, ilikuja na injini nane za DF7G ambazo kazi yake ni kusogeza mabehewa. Mchina na ufundi wake wote hakupata njia ya kumkwepa shanta.

Pana jambo moja nakubaliana na mlalamikaji. Injini kuachwa ikinguruma saa nane za usiku bila kazi, moshi ukiingia madirishani mwa watu, hiyo si haki. Ila sababu yake si uzee wa injini. Mara nyingi ni betri. Betri zikichoka dereva anaogopa kuizima, maana asubuhi huenda isiwake na lawama ni zake. Inunuliwe betri mpya, izimwe usiku, watu walale. Hilo ni la fedha kidogo kuliko injini mpya, na dizeli itakayookolewa italipa.

Kupiga picha nako ni mtihani. Mwaka jana nilisimama barabarani, nje ya uzio, nikapiga moja kwa simu ya mjukuu wangu. Akaja afisa mmoja akanitaka niifute. Nikamuuliza siri ni ipi katika injini iliyoonwa na nusu ya Mombasa. Akasema ni amri. Nikaifuta, mzee mzima. Mjukuu akanicheka njia nzima kwenye tuktuk, kumbe yeye alikwisha kuituma kwa binamu zake.

Sasa ombi langu, Mhariri, kwa wanaohusika. Reli ya kale ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, lakini mtoto wa Mombasa akitaka kuona injini za kale lazima asafiri hadi jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Siombi Garratt, najua ni mzigo. Naomba shanta moja. Siku ya kustaafu kwake ikifika, isikatwe kwa gesi wala isipandishwe bara. Iwekwe penye stesheni ya zamani, chini ya bati la kuikinga na chumvi, na masanduku yake ya mchanga yaachwe wazi watoto watie mikono. Na kabla ya hapo, madereva na mafundi wa zamani waketishwe wakarekodiwe, wangali wanaweza kukwambia kwa kusikiliza tu ni bomba lipi limeziba. Wawili niliowajua tumewazika ndani ya miaka hii miwili.

Na kile kibao cha ubavuni, chenye matundu manne, kama kiko kwa muuza chuma chakavu yeyote baina ya Makupa na Mazeras, asikiyeyushe. Mimi nitakinunua kwa bei yake, na sitamuuliza alikipataje.

Karani mstaafu,
Changamwe, Mombasa