Alikutajia nani?

Umoja, Nairobi
Jumatatu usiku

Mwanangu Wekesa,

Nguo zako zimekauka, Nekesa atakuletea kesho akitoka chuo. Ile jinzi nyeusi nilikuwa nimeshaitia kwenye beseni nilipogusa kitu kigumu kwenye kale kamfuko kadogo ka mbele. Hirizi, kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, upana wake kama kidole gumba changu. Sabuni ilikuwa imeshakiingia. Nimekianika dirishani peke yake, na kilipokauka nikakirudisha, kiko ndani ya soksi za kijivu. Sikukitupa. Ningekitupa, na ndege ikatikisika Alhamisi, ungesema ni mkono wa mama.

Sikuulizi ulilipa pesa ngapi. Nakisia, kwa maana zile elfu saba ulizoniomba mwezi jana ulisema ni za vipimo, na vipimo nilikuwa nimeshavilipa. Yaliyopita tuyaache. Nataka jibu moja tu: huyo mganga aliyekupa alikutajia nani?

Jana shangazi yako alikumiminia chai ukaiacha mpaka utando ukajikunja juu yake. Uliinuka ukasema umeshiba, na tangu asubuhi hukuwa umetia kitu mdomoni. Ulipotoka, alikichukua kile kikombe mwenyewe akakipeleka jikoni. Alisimama kwenye sinki kitambo kirefu kabla ya kukimwaga. Mimi nilikuwa mlangoni, nikauona mgongo wake tu. Amekesha kwenye basi kutoka Bungoma na kuku wawili miguuni, kuja kukuaga. Anajua, Wekesa. Si mtoto.

Uliniuliza kwa simu wiki iliyopita, "Mama, lakini hizi vitu zinafanya kazi ama hazifanyi?" Nikakukaripia. Muuguzi aliyefanya kazi miaka 31 hakupaswa kujibu hivyo, na kijana niliyemsomesha mimi alistahili kuelezwa.

Zinafanya kazi ndani ya anayeamini, na kazi yenyewe ina mpaka. Pale zahanati wagonjwa wengi walikuwa hawakubali vidonge. Mtu akidungwa sindano, hata ya vitamini, unamwona anatoka amenyooka, na dawa yenyewe haijafika popote. Kwenye kozi walitufundisha kuwa kitu hicho kinaitwa kipozauongo, na kwamba si uongo mtupu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa kipozauongo watu waliong'olewa meno, na baadhi yao maumivu yakapungua. Kisha wakapewa naloksoni, ile dawa inayozuia afyuni isifanye kazi mwilini, na maumivu yakapanda tena. Yaani mwili wa anayeamini ulikuwa umejitengenezea dawa yake wenyewe. Hilo silikatai, nimeliona kwa macho yangu.

Lakini maumivu ni jambo moja, na virusi ni jambo jingine. Unakumbuka watu walivyomiminika Loliondo mwaka 2011 kwa Mchungaji Mwasapile, aliyesema kikombe chake cha dawa ya miti kinaponya, shilingi 500 za Tanzania, na Wakenya wakavuka mpaka kwa magari ya kukodi. Mama mmoja wa kliniki yetu alikwenda. Alirudi uso unang'aa, anatembea haraka, akaacha ARV zake, zile dawa za virusi vya Ukimwi. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeweza kumwambia kitu, kwa sababu kweli alijisikia vizuri. Mwaka haukuisha. Mimi ndiye niliyemfunga sanda.

Basi hirizi yako ikikutuliza moyo ndege ikiruka, vaa. Sisemi hivyo kukufurahisha. Nami sikuifungua, na mkasi ulikuwa mezani. Nimeshika damu, usaha na maiti, na mkono ukakataa kukata uzi mwekundu. Kwa hiyo usidhani nakuhubiria kutoka mahali pa juu.

Ninachoogopa ni jina. Alikutajia nani?

Viza yako haikufungwa na mtu. Hakuna aliyefunika nyota yako. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na kitambulisho, na makaratasi yakarudishwa mara mbili kwa sababu hiyo. Fomu ile ya kuzaliwa niliijaza mimi, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na mwandiko ni wangu. Uliporekebisha, karani alikwambia usubiri wiki tatu. Mganga naye akakwambia nyota itafunguka baada ya siku 21. Hesabu hizo ulimpelekea wewe mwenyewe, mwanangu, akakurudishia akiwa amezifunga kwa kitambaa.

Na jina pia hakuwa nalo. Alikuuliza kama kuna mwanamke wa upande wa baba. Akakuuliza kama ni yule anayekuja bila kupiga simu. Ukatikisa kichwa, akasema, "Sitaki kumtaja, lakini wewe unamjua." Najua maswali hayo kwa mpangilio wake. Karatasi zao zimebandikwa kwenye kila nguzo ya stima kuanzia hapa mpaka Donholm, mapenzi, kazi, kesi, mali iliyopotea, na huwezi kuipita kila siku miaka yote, ukiwa na mgonjwa ndani, usiisome hata siku moja.

Figo za baba yako zilipokataa, alilala wodini siku kumi na tisa. Siku tatu za mwisho alimuulizia dada yake. Nilimwambia nauli imepanda, asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Shangazi yako alifika siku ya mazishi. Hajaniuliza mpaka leo kwa nini hakuitwa mapema, na kila Desemba ananitumia gunia la mahindi.

Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mtu haendi kwa mganga ili sufuria ichemke. Anakwenda pale mkono wake haufiki, na anayekupokea hapo hawezi kukuachia mikono mitupu, lazima akupe mtu wa kumlaumu. Kilifi kuna wazee wanaoishi Kaya Godoma, kule Ganze, kwa sababu watu wao wenyewe waliwaita wachawi wakataka kuwaua. Mei 2008 kule Kisii wazee kumi na mmoja walichomwa moto. Utasema, Mama, mimi nimekataa chai tu. Hata huko nadhani kuna mtu aliyeanza kwa kukataa chai.

Utakuwa Doha miaka miwili, chumbani na watu usiowajua. Siku mshahara ukichelewa, au ukiumwa, au msimamizi akikuchukia, utaanza kutafuta ni nani wa nyumbani. Jina likishaingia kichwani halitoki kwa kuoga. Ndiyo maana nakusumbua hivi. Mimi nina fahari nawe, ploti nzima imechoka kusikia habari za leseni yako ya lori, lakini hili umenivunja moyo, na kimya chako kimenivunja zaidi.

Pasipoti usimwachie mtu yeyote akutunzie, hata akisema ni sheria ya kampuni. Huko sheria inakataza mwajiri kuishikilia. Ubalozi wetu uko Doha, andika namba yake kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Dawa za pumu nimekununulia mbili, ziko na taulo. Mwenye nyumba wa Pipeline akirudisha deposti mwambie aitume kwa Nekesa, ana karo ya Januari. Ule mtungi wa gesi wa kilo sita niletee, wangu unavuja kwenye koki na fundi anasema hauponi. Tangi la maji limepasuka tena, lakini hilo si lako.

Shangazi yako anapanda basi Jumatano saa mbili usiku. Njoo kabla ya saa kumi na moja jioni. Sihitaji umwombe radhi kwa maneno, hata mimi sijaweza. Keti tu, atakumiminia. Na kama huyo mtu alitaja mwingine, niambie hilo pia, ili nijue nimeogopa bure.

Kuku mmoja tulimla jana. Yule mwingine, jogoo, yuko kwenye balkoni, amefungwa mguu, amemwaga unga wote. Nimemwambia Nekesa asimguse mpaka uje.

Mama yako