Jangwani kuna choo, huku bado tunachimba dawa

Mhariri naomba kanafasi, najua Simba na Yanga wanakula kurasa ila hili nalo linatuhusu wengi.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba likizo ikiwa ukingoni nilimpakia mke wangu, watoto 3 na mama yangu mzazi kwenye Noah tukatoka hapa Dodoma kwenda Mbeya kwa wakwe, na badala ya kuzungukia Iringa kama watu wengine nikajifanya mjanja nikapita Manyoni, Itigi, nikashuka Rungwa kutokea Chunya. Wiki hiyohiyo dada yangu anayeishi Perth kule Australia na yeye alikuwa njiani na mumewe na watoto, wanavuka nyika kame inaitwa Nullarbor kwenda Adelaide huku wanavuta karavani, yani kile kinyumba cha magurudumu chenye vitanda na jiko kinachofungwa nyuma ya gari. Basi ikawa kila mtandao ukishika tunatumiana voisi, nani kafika wapi.

Nikiri mwanzoni nilikuwa namuonea huruma. Jina lenyewe la Nullarbor kwa Kilatini maana yake hakuna mti. Barabara yao inaitwa Eyre Highway, kuanzia Norseman mpaka Port Augusta ni kama kilomita 1,660, na kuna kipande kati ya Balladonia na Caiguna kimenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, ni kama utoke Dodoma mpaka upite Manyoni usukani haujageuka, shemeji alisema kazi kubwa pale ni kutosinzia. Mimi nikamjibu kwa majigambo kwamba huku kwetu kona zipo, miti ipo, na vichaka vya Itigi vimeshonana hata mbuzi hapenyi.

Majigambo yaliisha mapema. Baada ya Itigi lami ikatuaga, vumbi likaanza, mbung'o wakaanza kugonga vioo, na mama akasema taratibu, mwanangu naomba usimame mahali. Mahali gani sasa? Mama ana miaka 71 na magoti yake hayakunji, hawezi kuchimba dawa kama sisi tulivyozoea kwenye mabasi, wanaume kulia wanawake kushoto. Na porini kwenyewe mbung'o wanakusubiri uvue. Tulienda karibu saa nzima, mama kanyamaza kimya ila kwenye kioo namuona uso umekunjamana, mke wangu ananiangalia kama mimi ndo niliyelima hiyo barabara, mpaka tukakuta kijiji kina kibanda cha mama ntilie. Yule mama hakuuliza hata tunatoka wapi, alimshika mama mkono akampeleka chooni kwake nyuma, cha shimo, kimefagiliwa, kopo la maji lipo pembeni. Nikatoa elfu mbili akakataa, akasema choo nacho unalipia baba?

Pale ndo nikaona na mshale wa mafuta umelala. Mafuta Itigi yalikuwepo, sikujaza kwa sababu sikuona kibao chochote cha kuniambia ukiacha hapa mbele ni mbali kiasi gani. Nikanunua petroli ya kwenye chupa za maji kwa bei ya kuumiza, na hadi Chunya gari lilikuwa linakohoa.

Jioni nikasikiliza voisi za dada. Kule kwenye nyika isiyo na mti, sheli hadi sheli haivuki kilomita 200 hivi, na kabla hujaondoka kibao kinakwambia kituo kinachofuata kiko kilomita ngapi. Vituo vyenyewe vinaitwa roadhouse, vingi ni kijumba kimoja, kina mafuta, chakula, choo na pa kulala, basi. Katikati kuna sehemu za kupumzikia, karavani inapaki inalala. Kuna vibao vya kutahadharisha ngamia na kangaruu, na kuna vipande vya lami vimechorwa alama nyeupe ili ndege ya madaktari itue barabarani mtu akizidiwa. Barabarani!

Sio kwamba kwao ni peponi. Mafuta kule katikati ni ghali kuliko mjini, maji ni ya shida kiasi kwamba wanabeba ya kwao, na kufika Ceduna kuna kizuizi cha ukaguzi wa matunda na mbogamboga kwa ajili ya wadudu, dada ilibidi achemshe viazi vyote usiku na watoto wamalize machungwa kwa nguvu. Nilicheka sana hapo. Ila hata lami yao haikuwepo tangu Adamu, barabara ilichongwa wakati wa vita mwaka 1941 na 1942 na lami imekuja kukamilika 1976. Kibao sidhani kama kilisubiri lami.

Nikimwambia jirani yangu haya ananijibu eti usitulinganishe na matajiri. Sawa, ndege ya madaktari tuwaachie. Lakini kibao ni bati, rangi na mlingoti, na mwenye choo nimeshakutana naye mwenyewe. Wahusika wa barabara wakikaa na halmashauri, wakamjengea mtu kama yule mama ntilie matundu mawili ya choo yenye sehemu ya kukalia kwa wazee, wakampa tanki la maji na kibali cha kutoza mia tano, hiyo choo itakuwa safi kuliko za stendi nyingi ninazozijua, kwa sababu ni riziki yake. Na sasa hivi lami inasogezwa kidogokidogo njia ile, ndo wakati wa kuweka, sio tusubiri ikatwe utepe halafu tuanze kuambiwa mchakato unaendelea.

Mwezi wa 12 tunatakiwa kurudi Mbeya kwenye harusi. Mama kasema anakuja, mke wangu kasema hapandi njia ile mpaka nimtajie choo cha kwanza baada ya Itigi kiko kilomita ya ngapi. Kama kuna dereva wa maroli anasoma hapa na anajua, tafadhali aandike.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma