Mwanangu, safiri mchana

Mwanangu,

Dada yako ameniambia taa za mbele za gari lako zinacheza, na kwamba bado unapanga kuondoka Ijumaa ukitoka kazini. Ukitoka kazini jua linazama. Ondoka Jumamosi asubuhi. Nimelitanguliza hilo ili hata usipoimaliza barua hii liwe limekufikia.

Anasema pia umeshanunua balbu mpya, zote mbili, na hali ni ile ile. Balbu mbili haziugui siku moja! Fundi aliyekuuzia bila kupima chochote alitaka kuuza balbu, na wewe mwenye macho ukamwachia. Najua una mikono mizuri (redio ya baba yako siitaji), ndiyo maana naudhika.

Kabla hujanunua kingine, niambie: inacheza moja au zote? Na zinacheza wakati gani? Ikiwa ni moja tu, usihangaike na altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Chomoa soketi ya balbu hiyo uitazame. Ukiona plastiki imekuwa kahawia au imeyeyuka, au pini zimelegea, badilisha soketi pamoja na kipande cha waya wake. Kisha fuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa taa, hadi ulipofungwa kwenye bati la bodi ya gari. Mara nyingi utakuta kutu chini ya bolti, au bolti yenyewe inazunguka kwa vidole. Ukipita kwenye shimo taa ikapepesa, karibu kila mara ni kitu kilicholegea.

Zikicheza zote kwa pamoja, tafuta kile zinachochangia: betri, chaji, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi. Zikififia gari likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila wewe kukanyaga mafuta, na kung'aa ukikanyaga, anza na chaji. Weka multimita, kile kipima umeme, kwenye DC (umeme wa betri), volti 20. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa na feni: ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, kagua mkanda kama unateleza, halafu altaneta. Ikipanda kupita 15, regyuleta inayodhibiti chaji imeharibika, na hizo balbu zako mpya zitaungua mapema. Kuna magari ya siku hizi ambayo kompyuta hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi, kwa hiyo usihukumu kwa kusoma mara moja. Mwisho geuza multimita iwe AC (umeme wa kugeukageuka), injini ikiwa bado inanguruma. Ikionyesha nusu volti au zaidi, yaelekea dayodi ya altaneta, inayougeuza umeme wake uwe DC, imekufa. Hiyo ndiyo huleta kupepesa kwa haraka haraka ambako wengine hudhani ni macho yao.

Usiku usiendeshe. Narudia kwa sababu nakujua: utasema zinacheza kidogo tu. Muunganisho uliolegea hupata moto, moto huulegeza zaidi, na siku utakapokatika hautachagua barabara iliyonyooka.

Ethi ipime hivi: rudisha multimita kwenye DC, na taa zikiwa zinawaka, ncha moja ya multimita iguse hasi ya betri, nyingine pini ya ethi nyuma ya balbu. Ikizidi 0.2 ya volti, umeme unapata taabu kurudi. Vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe au wa kijani, visafishe kwa brashi na maji ya moto yenye magadi. Fungua hasi kwanza, na iwe ya mwisho kurudisha, ili spana isije ikagusa bodi ukaona cheche. Na mtu asikushauri kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi kubwa inaacha waya uungue badala yake.

Dada yako hakujua kama balbu ulizonunua ni za LED. Kama ni LED kwenye gari lililotengenezewa halojeni, zile balbu zenye waya unaowaka ndani, huenda hakuna kilichoharibika. Baadhi ya magari hupeleka umeme wa taa kwa kukatakata. Waya wa halojeni hubaki na moto katikati ya mikato hiyo, LED huzimika papo hapo, nawe unaona kupepesa. Rudisha halojeni uone kabla ya kufungua kitu. Usishike kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

Ukimwambia fundi kwamba mama yako ndiye kasema, atacheka. Mwache acheke, lakini apime mbele yako.

Multimita unayoitumia ni yangu, nadhani unakumbuka. Badilisha betri yake kwanza, ile ya volti 9. Ikichoka inasoma uongo, na utakuja kununua altaneta bure. Koleo langu jembamba nalo silioni, na mlango wa nyuma bado haufungi kwa sababu kitasa kinalingoja. Baba yako anasema ataufunga kwa kamba. Mdogo wako anataka begi lake, si lile jingine.

Nijibu leo: moja au zote mbili? Na uandike Jumamosi, kwa neno lako mwenyewe.

Mama yako