Kabla hamjasakafia mfongo

Würzburg, Ujerumani

Mdogo wangu,

Mpe Mama shikamoo yangu, na wote hapo Kibosho, Kilimanjaro, wasalimie. Ujumbe wako nimeupata: mnataka kusakafia kwa saruji mfongo, ule mfereji wetu wa asili wa maji, kukata ile miti miwili ya miringaringa ya chini na kupanda nyanya mahali pake. Mwishoni ukauliza, kama jambo la kando, mbona siku hizi masika yanaingia na vyura hawasikiki. Kwangu mimi hayo ni jambo moja, kwa hiyo naomba fundi asilete saruji kwanza.

Chura anahitaji maji yaliyotulia kwa wiki kadhaa, kwa aina nyingi kati ya nne na nane, mpaka viluwiluwi waote miguu. Anahitaji ukingo anaoweza kuupanda, na majani yenye unyevu ya kujificha mchana. Zamani mfongo wa udongo ulimpa ukingo, nduwa, lile bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mfongo, ikampa maji ya kutulia, na migomba ikampa majani. Nduwa nyingi zimefukiwa na maji yameingia kwenye mabomba. Mkisakafia mfongo kuta zikawa wima na laini, chura akitumbukia hatoki. Ataogelea hadi achoke.

Najua kwa nini mnataka saruji. Mfongo wa udongo unapoteza maji mengi njiani na zamu yenu ya maji ni fupi. Basi sakafieni pale panapovuja na pale penye mteremko mkali tu, pale tambarare paacheni udongo. Penye saruji, kuta zilazwe kidogo, na kila baada ya mita kumi hivi fundi apachike mawe yenye mikwaruzo kutoka chini hadi ukingoni. Hizo ndizo ngazi za vyura.

Kisha chimbeni kidimbwi, mita 2 kwa 1.5, kina cha sentimita 50 katikati, kingo zikipanda taratibu. Kipigeni ufinyanzi uliokandwa, unene wa kiganja. Kama udongo wenu haushiki maji, tandikeni turubai nzito na kuifunika kwa udongo ili jua lisiipasue. Mchepuko mdogo wa mfongo uingize maji upande mmoja, bomba la nusu inchi litoe upande wa pili. Msitie perege humo, watakula mayai yote. Mama atauliza kuhusu mbu, na ana haki. Kidimbwi kiwe mbali na nyumba, mkikague kila wiki, na mkiona viluwiluwi vya mbu fungueni maji mengi yapite kwa siku moja. Kidimbwi kikitulia, watoto wa kereng'ende wanaoishi majini huwala mbu wengi. Yale mapipa wazi na makopo nyuma ya jiko ni hatari zaidi, kwa sababu hayana chochote kinachowala mbu.

Haya yote ni bure kama bomba la kunyunyizia dawa litaendelea kuoshwa mfongoni. Hapa ndipo penye uzito. Dawa za kuua wadudu kama lambda-sihalothrini ni kali mno kwa viumbe vya majini. Kiasi kidogo kinachobaki ndani ya bomba la lita 16 kinatosha kuua viluwiluwi na wadudu wa maji chini ya mlango wa maji. Changanyeni dawa mbali na maji, hatua arobaini au zaidi. Mkimaliza, suuzeni bomba mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na maji hayo myanyunyize juu ya mimea ile ile. Chupa tupu itobolewe, isigeuzwe kibuyu cha kuchotea.

Na nyanya zenyewe zitawaletea kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya. Huyu aliingia nchini mwaka 2014 kupitia Ngarenanyuki, upande wa Meru, na tangu hapo wakulima wamekuwa wakimpiga kila wiki, wengine wakichanganya dawa mbili tatu katika bomba moja. Anashindikana kwa sababu kiwavi wake anakaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, dawa ya kugusa haimfikii. Wanaofikiwa ni buibui, nyigu na vunjajungu ambao wangemla. Anzeni na beseni la maji yenye sabuni, lenye kivutio, yaani harufu ya jike inayomvuta nondo dume, juu yake. Maduka makubwa ya pembejeo huwa nacho. Majani yenye mahandaki yachumeni, yafungeni kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Ikibidi kupiga dawa, pigeni baada ya saa kumi na moja jioni nyuki wakiwa wamerudi, na kamwe msipige kahawa ikiwa imechanua. Someni jina la kiambato kwenye lebo, si jina la biashara. Mkiona imidaklopridi, jueni kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki.

Huku walichelewa kujua. Chama cha wapenzi wa wadudu katika mji wa Krefeld, wengi wao watu wa kujitolea, walitega mitego ya hema katika hifadhi 63 kuanzia 1989 hadi 2016, wakapima uzito wa wadudu warukao walionaswa. Ulipungua kwa zaidi ya asilimia 75, tena ndani ya hifadhi. Anayelinganisha mwaka huu na mwaka jana haoni kitu. Wao waliona kwa sababu walitunza chupa na daftari.

Sasa miringaringa. Watafiti wa chuo kikuu cha hapa Würzburg walifanya kazi huko kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakifunika kahawa kwa nyavu ili kuwazuia ndege na popo, na matawi mengine ili kuwazuia nyuki. Matokeo yalitoka mwaka 2014: ndege na popo wakiwepo, maua yanayoshika tunda yanaongezeka kwa takriban asilimia 9, nyuki wakiwepo, tunda linakuwa zito kwa asilimia 7 hivi. Hao ndege na popo wanalala na kula juu ya miti mnayotaka kuikata. Maua meupe ya mringaringa ni malisho ya nyuki, mti wa mruka unarutubisha udongo, na mkuyu unalisha ndege hondohondo. Mgrivilea unakua haraka na ndege chozi wanapenda maua yake, lakini ni mgeni kutoka Australia na peke yake haubebi mzigo huo. Kama mnahitaji mbao, kateni mgrivilea. Msesewe, ule mti ambao gome lake hutiwa kwenye pombe ya mbege, uacheni hata kama hampiki tena mbege.

Mti mkubwa wenye shimo ndio wa thamani kuliko yote, hata ukiwa umekauka nusu. Jike la hondohondo hujiziba ndani ya tundu akiatamia, na dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Mti mchanga hauna nafasi hiyo hata baada ya miaka mingi. Kama tawi lenye nyuki wadogo wasiouma ni lazima liondoke, likateni likiwa na nusu mita ya ziada kila upande wa tundu, mlihamishe jioni na kulitundika chini ya paa la banda, mlango ukielekea ulikokuwa.

Kuhusu bundi, waambieni watoto waache kumrushia mawe. Anakula panya, na ile sumu ya panya inayozuia damu kuganda humuua naye anapomla panya aliyekula sumu. Tumieni mitego. Mkitaka akae, mtengenezeeni sanduku la mbao lenye sakafu ya sentimita 40 kwa 60, mlango wa 13 kwa 13, na kutoka mlangoni hadi sakafuni sentimita 45 ili makinda wasidondoke. Liwekwe juu ya mita tatu, mbali na taa.

Taa ya nje nyeupe inayowaka usiku kucha ibadilisheni iwe ya rangi ya manjano, yenye kofia, inayowaka mtu akipita. Vimulimuli hutafutana kwa mwanga wao wenyewe. Ua wa mimea ya masale punguzeni theluthi moja kwa wakati, kinyonga apate pa kuhamia.

Mtoto wako mkubwa ampe Mama daftari moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakae nusu saa pale pale penye mkuyu na kuandika kila ndege waliyemwona au kumsikia, na usiku waandike kama vyura wamelia. Majina ya Kichagga yanatosha.

Nijulishe upana wa mfongo na urefu wa sehemu inayovuja, nikupigie hesabu ya saruji.

Kaka yako