Kuhusu jina la mtoto

Mwanza, Jumapili jioni

Mpendwa Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma hapohapo mlangoni, mkoba bado begani. Namshukuru Mungu mtoto ananyonya vizuri na wewe umeanza kupata usingizi. Ila nimeona kinachokukosesha raha. Mama mkwe hataki mjukuu wake abatizwe Bakhita kwa sababu ni jina la mtumwa, na jina humfuata mtu. Shemeji naye kaongeza kwamba habari za watakatifu ni ngano tu, kama lile joka la Mtakatifu Jorji.

Kwa shemeji sina maneno mengi. Joka silitetei. Lakini Bakhita, yule mtakatifu wa Sudan tunayetaka kumpa mtoto jina lake, hakuishi zama za mazimwi. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, picha zake zipo, na maisha yake aliyasimulia kwa mdomo wake mwenyewe, yakachapishwa kitabu mwaka 1931 yeye akiwa hai.

Mama mkwe ndiye mwenye hoja, na sitaki umpuuze. Ni kweli kabisa, jina lile walimpa watekaji. Alizaliwa Darfur, Sudan, katika kijiji cha Olgossa, mnamo mwaka 1869. Dada yake mkubwa alikuwa ameshaibwa, mama yao akalia hadi akakauka machozi, kisha zamu ikawa yake akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Alikuwa shambani na mwenzake wakaja wanaume wawili. Mmoja akamtuma amchukulie kifurushi alichokisahau msituni. Mtoto aliyelelewa kutii wakubwa, akaenda, wakamfuata, wakamshika. Walipomuuliza jina lake hofu ikamfunga ulimi. Basi wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Neno letu bahati limetoka chimbuko hilohilo la Kiarabu. Jina aliloitwa na mama yake hakulikumbuka tena mpaka anakufa.

Hapo huwa nasimama kidogo, Ana. Watu wote tunaowajua wameibiwa kitu, lakini jina!

Aliuzwa na kuuzwa tena. Katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi la Waturuki, huko El Obeid, aliletwa mwanamke wa kuchanja chale, na bakuli la unga, bakuli la chumvi, na wembe. Unga ulikuwa wa kuchorea mistari kwenye ngozi, wembe wa kuifuata, chumvi ya kusugua ndani ya vidonda ili visifunge. Chale 114, kifuani, tumboni na mkononi, uso haukuguswa. Juzi nilikuwa napaka sato chumvi, nina mkato mdogo wa kisu kidoleni, ukubwa wa punje ya mchele. Ilipoingia chumvi nilirusha mkono, nikakaa chini kwenye kigoda. Nikawaza mtoto yule, akiwa amelazwa chini na kushikiliwa asifurukute. Sikuendelea na kazi siku ile.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, na huyo hakumpiga. Miaka miwili baadaye alipoondoka, Bakhita alimwomba aende naye. Alipofika Italia akawa yaya wa mtoto wa familia ya Michieli, jina lake Mimmina. Wazazi walipokuwa na shughuli zao Sudan, yaya na mtoto waliachwa kwa Masista Wakanosa kule Venice, na huko ndiko aliposikia habari za Kristo. Mama Mimmina aliporudi kuwachukua, Bakhita akakataa kuondoka. Bibi alikasirika, kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa wa mtu, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Akachagua kubaki. Januari iliyofuata akabatizwa Josefina Margareta Fortunata. Mwambie mama mkwe maana ya Fortunata: mwenye bahati. Angeweza kulitupa jina la watekaji, tena siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kulitupa. Badala yake akalipeleka kwenye maji ya ubatizo, likabatizwa pamoja naye. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Baada ya hapo akawa sista. Aliweka nadhiri mwaka 1896, na kuanzia 1902 aliishi mji mdogo wa Schio, akiwa mpishi, mtunza sakristia, na mlinzi wa mlango. Watoto waliokuja shule aliwawekea mikono kichwani. Watu wa mji walimwita Mama Mweusi, na wakati wa vita vya pili, mabomu yakianguka, walikuwa na imani kwamba uwepo wake unawalinda. Shemeji akitaka kuita hilo ngano, aite. Mimi namwamini mtu aliyelala chini ya mabomu yale.

Kuna neno lake lililonishika zaidi ya yote. Yeye alimwita Mungu *Paron*, kwa lafudhi ya Venice, neno lilelile la bwana mwenye mtumwa. Nasi tunasema Bwana, bila kuwaza. Yeye aliwajua mabwana kwa ngozi yake, bado akapata nguvu ya kulitamka neno hilo kwa upendo. Alisema pia kwamba akikutana na waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, kwa maana bila wao asingekuwa Mkristo wala sista. Hilo, Ana, mimi silifikii. Nimelisali mara nyingi na bado halijanishuka. Siku zake za mwisho, akiwa na homa, alimwomba sista aliyemuuguza amlegezee minyororo, ni mizito. Karibu miaka sitini tangu awe huru! Halafu akamwita Bikira Maria, akaenda. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Msomee mama mkwe barua hii mkiwa wawili tu, jioni, mtoto akiwa kwenye mapaja yake. Usibishane naye. Akikataa bado, mpe Fortunata, mimi na wewe tutajua ni nani tunayemwita.

Nitafika Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kitambaa cheupe nimeshakishona, nimebakiza upindo. Mshumaa usinunue, naja nao, mama wa ubatizo ni mimi. Niambie tu kama paroko anataka cheti cha ndoa yenu au barua ya jumuiya inatosha.

Mbusu Bakhita kwa niaba yangu.

Wako,
Skola