Mabadiliko ya mazoezi: sasa Jumamosi asubuhi

Habari za jioni wanakikundi. Poleni na kazi.

Jumatano jioni imeshindikana, foleni inatumaliza. Tunahamia asubuhi.

1. Jumamosi saa 12:00 kamili, Coco Beach. Saa 12:10 tunaondoka kuelekea Daraja la Tanzanite, hatusubiri mtu.

2. Ratiba ni dakika 40: tembea haraka 5, kisha kimbia 2 tembea 1, mara kumi, halafu 5 za kupoza mwili. Wageni wafanye kimbia 1 tembea 2. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza mwendo. Maumivu ya muundi mara nyingi hutokana na kuongeza umbali kwa pupa au viatu vilivyoisha soli. Ukiyasikia usiendelee kukimbia, pumzika.

3. Kila mtu achague siku mbili nyingine, dakika 30 kila siku, aziweke kwenye simu pamoja na saa. "Nikipata nafasi" tumeshaijua. Wenye watoto wadogo wagawe kumi kumi, inakubalika kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Sisi tutakuwa na 100, hivyo 50 zilizobaki shuka daladala kituo kimoja kabla, utembee.

4. Maji na ndizi: Sh 3,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2:00 usiku.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya muda huo: jina, NAKUJA au SIJI, na siku zako mbili. Msiojibu hatutawanunulia maji jamani 😀