Shukrani kwa mzee wa koti la bluu, igizo la vita vya Gettysburg, Marekani

Mzee wetu, hukutaja jina, basi pokea shukrani hadharani.

Kijana wa kikosi chetu alikuwa na gobori la Springfield la 1861. Fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia, ililia, baruti haikuwaka. Katika kelele kama zile ni rahisi kutia mzigo wa pili wa baruti juu ya ule wa kwanza; baada ya vita vyenyewe, Julai 1863, maelfu ya bunduki ziliokotwa zikiwa na mizigo miwili au zaidi.

Ulimshika bega, ukamtoa mstarini, mtutu ukiwa juu muda wote. Mkasubiri, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Kisha ukazibua kwa sindano ya waya kile kitundu kinachopokea moto wa fataki, ukapenyeza chembe chache za baruti, ukavisha fataki mpya. Ikalia kwa mkupuo mmoja. Isingekubali, ulikuwa tayari na maji ya kumimina mtutuni kuilowesha baruti. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, hukuugusa, na hapo ndipo tulipojua umebobea.

Chanzo ulikionyesha: mafuta ya kusafishia yaliyoganda na masizi. Wenzetu, kabla ya kutia gramu zenu 4 za baruti, lipueni fataki moja au mbili bunduki ikiwa tupu, mdomo wa mtutu karibu na majani. Majani yakitikisika, njia iko wazi.

Na sindano ile ukamwachia kijana. Asante sana, mzee.